Munganga Hakuiachisha Ile Dawa

Katuba, siku ya tano, mangaribi

Solange, mwana wa mwana wangu,

Salamu nilikupa asubuhi, na utanipa zako ukirudi, basi hapa tusipoteze wino. Uko kwa Mama Jolie unasukwa nywele. Kichwa yako iko kubwa na nywele iko mingi, kwa hiyo niko na wakati. Usicheke mwandiko wangu. Bamasista balinifundisha miaka mine tu, kiisha baba yangu akasema inatosha, mutoto mwanamuke akishajua kusoma jina yake anatafuta nini tena. Lakini ile miaka mine niliikamata muzuri, kupita hawa batoto ba leo benye bananiandikia mu telefoni bila hata nukta moja.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mulango, na kuchemusha maji, na kutokopesha sufuria. Sitakuandikia kusukutula kinywa kiisha dawa, unajua. Miaka kumi na tano nimepiga kelele mu hii nyumba. Kama haikuingia kwa masikio, haitaingia kwa bic. Nataka kuandika jambo moja. Ningelisema na kinywa, lakini utaniangalia, na nikiona macho yako nitageuza habari, nitaanza kukugombeza juu ya viatu. Najijua.

Siku ya pili ya hii juma, ulipokuwa unapanga valizi ya safari, niliona umetia pompi ya bluu, ya kuvutia dawa. Ile ya kahawia, ya kila siku, umeiacha juu ya kabati. Nikakuuliza. Ukanijibu bila kugeuka:

"Kambo, kule Kambove nitalala na balimu wenzangu batatu mu chumba moja. Sitaki baniite mwalimu wa pompi. Ya bluu inatosha, kama kifua inafunga."

Nikasema, "Na munganga mwenye aliiandika?"

"Munganga mwenyewe aliniachisha dawa nikiwa na miaka nane. Miaka mbili sikuvuta kitu na sikukufa. Ni weye ulinielezea."

Nilinyamaza. Ulifikiri umenishinda, hata mabega yako ilifurahi. Solange, sikunyamaza juu umenishinda. Nilinyamaza juu munganga hakuiachisha ile dawa. Ni mimi njo niliiachisha.

Haya, imeandikwa. Kama ulikuwa unasimama, ikala chini.

Mama yako alikuleta kutoka Kipushi ukiwa na miaka tano. Kazi yake ya kupitisha bintu kwa mupaka haikuwa kazi ya kubeba mutoto. Ulifika na kanzu mbili na kikohozi moja. Wakati ule makala yangu ya kuuza, makaa ya miti, ilikuwa inalala ndani ya lupango, mu uwanja ya nyumba, mifuko inaegemea ukuta wa jikoni mpaka juu ya dirisha. Bantu balikuwa bananiita Mama Makala, na sikukataa. Ile makala njo ilijenga hii nyumba, ilisomesha mama yako, ilimuzika kambo yako mwanaume mu sanduku ya mbao ya kweli. Basi mwezi wa saba, baridi ikashuka, nikasikia unakohoa. Nikafanya nini? Nikahamisha godoro yako jikoni, karibu na mbabula, jiko ya makala, upate joto. Nikafunga dirisha na kitambaa. Nikakupaka mafuta kifuani. Nilikuwa na roho safi na akili kidogo.

Asubuhi moja nikakukuta umekaa, mikono juu ya magoti, mabega inapanda na kushuka, na ngozi katikati ya mbavu inaingia ndani. Ulitaka kuniambia kitu, maneno ikawa inatoka moja moja. Nikakubeba ku mugongo mpaka ku lupitalo, nyumba ya bagonjwa, mi mwenye miguu mubaya, na njiani sikusalimia muntu. Wengine bananikasirikia mpaka leo.

Pale njo tulipewa jina: pumu, bale banganga banasema asme. Na pompi mbili. Ya bluu ni ya kufungua kifua ikifunga. Ya kahawia ni ya kupoza njia ya pumzi kila siku, asubuhi na mangaribi, hata mutoto akiwa muzima. Balinirudilia mara mbili: hata akiwa muzima, Mama. Nilisikia. Usifikiri sikusikia. Nilisikia, nikaona ni maneno ya bantu benye banauza dawa.

Miaka karibu tatu nilikupatia muzuri. Nilitoa makala yote mu lupango, nikaipeleka kule barabarani kwa rafiki yangu, na nilimulaani munganga kila siku ya kubeba mifuko. "Hii makala njo inalisha huyu mutoto," nilimwambia. Akajibu, "Sasa imulishe kwa mbali." Kikohozi ikaisha. Ukaanza kunenepa. Na hapa njo nilianguka, mahali pa raha, si mahali pa taabu. Mu taabu niko na macho.

Unajua kundi letu ya maombi, kila siku ya ine ya juma. Unajua vile mama moja moja anasimama, anasema kitu yenye Mungu alimutendea, na wengine banapiga makofi. Miaka mingi mi nilikuwa wa kupiga makofi. Moja bwana yake alirudi, mwingine deni yake ilisamehewa, mwingine alizaa mapacha kiisha miaka tisa. Mi nilikuwa na nini? Makala. Mikono yangu ilichoka na ushuhuda ya wengine.

Siku ile nikasimama. Nikasema mujukuu wangu alikuwa na asme, karibu afe ku mugongo wangu, na leo amepona. Hapo ningelikaa. Lakini bamama balikuwa bananiangalia muzuri sana, na neno ingine ikatoka yenyewe: "Hata dawa ametupa."

Ulikuwa umevuta dawa ile asubuhi. Mi mwenyewe nilikushikia.

Bakapiga ngoma. Bakaimba mpaka jasho. Mama mukubwa wa kundi akanifunga kitenge mupya mabegani, na nikarudi nyumbani navaa uongo yenye maua. Hawa bamama, we unabajua, hawakai nyumbani kwao. Kesho yake batatu balikuja kukuona, kesho kutwa bawili. Nilikuwa naficha pompi chini ya mufuko wa unga, kiisha mu kiatu ya kambo yako. Kiisha siku sita nikachoka. Kurudisha neno langu mbele ya bantu, haiwezekani. Nikachukua ile ya kahawia, nikaenda ku choo, nikaitupa ndani. Nikanawa mikono. Nikakuita, nikasema, "Munganga amesema imetosha. Umepona."

Ulizunguka lupango unaambia kuku.

Usiseme Mungu alinidanganya. Usiseme maombi njo mubaya, juu nilikuombea na bado nakuombea, na kesho ukiwa njiani nitakuombea mpaka dereva asikie. Mungu hakunituma ku choo. Nilienda na miguu yangu.

Na tangu ile siku nikawa muntu wa kutoona. Ulikuwa unaruka kamba, unaishia katikati. Nikasema ni uvivu. Ukicheka, unamalizia na kikohozi. Nikasema unacheka vibaya. Ulikuwa unaomba mito mbili ya kulalia. Nikasema huyu anajifanya mutoto wa muzungu. Kila kitu nilikuwa na jina yake, isipokuwa jina yenyewe.

Kiisha ikaja ile homa, ulikuwa na miaka kumi. Unakumbuka yule munganga mwanamuke, mufupi, meza inamufika ku kifua. Unakumbuka vile nilimugombeza juu ya damu yenye alikutoa. Chupa tatu nzima.

"Munataka kumukausha?"

"Mama, yote pamoja ni kijiko."

"Kijiko ya nani? Ile kubwa ya kusongea bukari?"

We ulicheka, ukakohoa, na yeye akakuangalia wakati unakohoa. Mi nilikuwa naangalia chupa, yeye alikuwa anakuangalia weye. Niliona, nikaogopa.

Majibu ikarudi. Akanionyesha karatasi, nikaangalia sawa muntu mwenye anasoma. Akasema mu damu mwako muko askari ba aina moja, jina yabo ndefu, nilimurudisha mara tatu na sikuikamata. Na habo askari bako bengi kupita inavyofaa. Kiisha akaniuliza, "Alikunywa lini dawa ya minyoo?"

Nilisimama. "Mutoto wangu hana minyoo. Nyumba yangu iko safi, uliza Katuba yote."

"Mama, minyoo haiulizaka Katuba."

Akanielezea polepole. Hao askari banaitwa na minyoo, na banaitwa vilevile na pumu ya watoto, ile ya vumbi na moshi. Damu inaonyesha askari bamekuja. Haisemi nani aliita. Basi tufukuze kwanza minyoo, kiisha tupime tena, tuone kama bado bako mu njia. Nikakupatia ile dawa na hasira. Na minyoo ilitoka, Solange. Naiandika hapa juu leo ni siku ya kusema kweli: ilikuwepo, na haikuwa moja. Sikumurudilia munganga ile habari na kichwa juu.

Kipimo ya pili, askari balipungua kidogo, lakini balikuwa bado bengi. Na kitu ingine mu damu, ile ya mwili kukataa vumbi, nayo ilikuwa juu. Mi nikasema, "Lakini hakohoi. Anakimbia. Muangalie."

Akasema, "Kikohozi inaweza kulala, na uvimbe ndani ukabaki macho."

Pale njo nilielewa, na si yeye alinielewesha, ni kazi yangu. Makala ikitoka ku tanuru, inaonekana nyeusi, baridi, imekufa. Bachomaji benye haraka banaitia mu mifuko siku ileile. Kwa nje huoni moshi, husikii kitu. Mi sikununuaka mufuko bila kutia mukono ndani mpaka kiwiko, nisikie kama katikati kuko joto. Mwaka moja tu nilifanya uvivu, nilinunua kwa macho, na mifuko kumi na moja iliwaka yenyewe saa sita ya mchana mbele ya bantu yote. Nikamuambia munganga, "Kumbe hii damu ni mukono mu mufuko." Akaniangalia, akasema hajawahi kusikia hivyo, lakini njo vile. Niliona fahari, hata pale. Unaona vile niko.

Kiisha akakupulizisha mu ile mashini. "Puliza sawa unazima mishumaa ya nyumba yote." Ulipuliza mara tatu, mashavu imevimba, na mustari wake ulikuwa unapanda kidogo, unalala. Akanichorea mu karatasi miviringo mbili. Moja, ukuta mwembamba, tundu kubwa: njia ya pumzi ya mutoto mwenye anatunzwa. Ingine, ukuta munene, tundu sawa jicho ya sindano. Akasema uvimbe ukiachwa wakati murefu, ule ukuta unaweza kuanza kuwa munene kweli, unaweka nyama mahali pa kupita hewa, na kuna siku dawa inapunguza uvimbe lakini unene haurudi wote nyuma.

Halafu akaniuliza mbele yako, "Ile ya kahawia, alikuwa anavuta kila siku?"

Ulikuwa unanitazama. Nikasema, "Kila siku."

Akainamisha kichwa, akaandika. Akasema kama ni kila siku na bado iko vile, basi ile dawa haimutoshi, tutamupatia ya nguvu zaidi. Nikachukua karatasi, nikasema merci. Tukarudi, we unakula ndizi, mi nabeba karatasi ya dawa ya nguvu yenye hukuihitaji, kwa sababu ya kitenge.

Asubuhi yake nilirudi peke yangu. Nilifika mapema, muzamu, mulinzi wa mulango, alikuwa hajafungua. Nikamuambia munganga yote: kundi, ngoma, choo. Nilingoja anigombeze, nilikuwa nimeshapanga majibu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, si wa kwanza. Lakini ungeniacha nimuongezee mutoto dawa, kwa kuponya haya yako." Nikamusongeshea ile karatasi ya dawa ya nguvu.

Akaandika upya ile ya kahawia. Nilikuambia weye kwamba asme imerudi. Haikurudi. Haikuenda mahali.

Sasa unajua juu ya nini, mwezi uliopita, ulipomuuliza huyu munganga kwa nini pumzi yako inafika karibu na mustari wa bantu bazima na haigusi, aliniangalia mbele ya kukujibu. Alisema ni ugonjwa njo iko vile. Alikuwa ananifunika. Kule nje nikamushika mukono, nikamuuliza: ile kidogo yenye haikurudi, ni miaka yangu mbili? Akasema hakuna muntu anaweza kupima hiyo; pengine ni ugonjwa, pengine ni ile miaka, pengine ni yote mbili, na nisijifanye mimi ni mashini. Muzuri. Lakini kama iko kipande yenye haina mwenyewe, mi naichukua. Uwe na muntu wa kukasirikia. Nikasirikie leo, nikasirikie mu bisi, Kambove si mbali sana lakini barabara inatosha.

Usifikiri naandika na machozi. Hapana. Nilikula muzuri, nimekaa ku kiti yangu, jua inashuka juu ya bati ya jirani na mi niko na furaha sawa muntu mwenye alimaliza kufua. Mwezi uliopita askari ba mu damu balipungua mpaka munganga akapiga karatasi na kidole. Pumzi yako, hata bila ile kidogo, iko kubwa. Nakusikia ukiimba ukifagia, verse nzima bila kukata, na hujui kwamba nasimama jikoni nahesabia pumzi. Una diploma. Utasimama mbele ya batoto makumi tano, na sauti yako itafika ku benchi ya mwisho. Ile sauti nilikaribia kuitupa ku choo, na bado iko. Niko na haki ya kufurahi, na nafurahi.

Lakini nikuambie juu ya jina. Mwalimu wa pompi. Unafikiri ni jina mubaya? Mi baliniita Mama Makala kwa kunicheka, wakati mukono wangu haukuwa unatakata hata kwa misa. Nililibeba mpaka likawa jina ya kukopeshewa unga. Jina yenye iliniharibu haikuwa ile. Ilikuwa ingine, ya ngoma na kitenge: mama wa mutoto mwenye alipona. Hii njo nililinda kupita mutoto mwenyewe. Jina ya kucheka inachoka, bantu banasahau kwa wiki mbili. Ya kusifu haina mwisho wa kula. Kila siku inataka kitu, na yangu ilikula dawa yako.

Na kule Kambove kuko vumbi ya malori, na mu chumba ya bantu bane hutaweza kuficha kifua. Watakusikia. Afadhali bakuone na pompi mbele ya kukusikia bila.

Unataka kunijibu, najua: "Kambo, ni rahisi kwako kusema, weye uliifichia mu kiatu." Kweli. Njo nimewaza tangu siku ya pili, na sikupata njia ingine. Siku ya ine ijayo, ukishakuwa kule, nitasimama mu kundi. Nitabaambia kwamba Solange hakupona siku ile, alikuwa anatunzwa; kwamba dawa hakutupa yeye, nilitupa mimi; na leo yuko muzima juu anavuta kila asubuhi, na Mungu anajua jina ya ile dawa kunipita. Mama mukubwa wa kundi angali muzima, na mudomo wake vilevile. Watacheka mpaka Pasaka. Kitenge nitamurudishia, imechakaa, lakini nitamurudishia. Mu lile kundi kuko mama moja kijana, mwana wake anakohoa akicheka. Nimemusikia mara tatu. Anapiga makofi kwa nguvu sana.

Mi niko na miaka makumi saba na kitu, na kiburi yangu iko na miaka ileile. Kama mi naweza kusimama mbele ya bamama makumi ine, we utaweza mbele ya balimu batatu. Na kama hutaweza, mi nitasimama tu. Sifanyi biashara na weye.

Ile pompi iko palepale ulipoiacha. Sikuigusa. Nilitia mukono mara moja mu mambo ya dawa yako bila kukuuliza, sitatia tena, hata kwa wema. Ni kifua yako.

Nasikia mulango wa lupango, na nasikia Mama Jolie amekukaza nywele sana juu unalalamika kutoka ku barabara. Sombe, majani ya muhogo, iko ku moto, na samaki, yenye ulipenda. Kula kwanza. Kiisha njo usome. Muntu hasomi kitu kama hii na tumbo tupu.

Ni mimi kambo yako, kwa mukono wangu mwenyewe, hakuna mwenye alinisaidia.